Chombo Kisichotoa Moshi

Hapa kwetu Kimemi, mjini Butembo, mtu akisukuma kinga au chukudu mlimani, wapita njia humhesabu kuwa maskini tu. Mwenye fedha hununua pikipiki. Lakini historia yatufundisha tusividharau vyombo hivi.

Mwezi wa Aprili 1815, mlima wa moto Tambora ulilipuka katika visiwa vya Indonesia. Vumbi na moshi wake vilienea angani vikazuia joto la jua, hata mwaka 1816 sehemu nyingi za Ulaya zilikosa majira ya joto. Mavuno yakaharibika, na chakula cha farasi kikawa ghali. Mwaka 1817, mjini Mannheim katika Ujerumani, Karl von Drais alionyesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa kukanyaga ardhi. Wako wanahistoria wanaofikiri kwamba shida ile ya farasi ndiyo iliyompa shauri, ingawa si wote wanaokubali. Chombo hicho ndicho babu wa baiskeli.

Sasa tutazame chukudu. Nayo ni ya mbao, nayo haina pedali. Ilienea Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970. Mafundi huichonga kwa mkaratusi na miti mingine migumu, na magurudumu yake huvikwa mpira wa matairi yaliyochakaa. Hubeba mamia ya kilo za viazi, makabichi au makaa. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Kumbe, kilichozaliwa na uhitaji kimepata heshima!

Penginepo watu wamelichagua gurudumu lisilo na moshi kwa kusudi. Mwaka 1965 vijana wa Amsterdam walitoa baiskeli nyeupe zitumiwe na wote bure, wakipinga magari yaliyochafua mji wao. Nairobi, tangu mwaka 2014, wapanda baiskeli walianza kupita barabarani pamoja kila mwezi, wakidai njia zilizo salama. Kigali, mwaka 2016, serikali ilianza kuweka siku ambayo barabara fulani hufungwa kwa magari. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alionya juu ya miji iliyojaa magari yanayobeba mtu mmoja au wawili tu.

Je, jambo hili latuhusu? Latuhusu sana. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda Ruwenzori, barafu ya mlima ule ilienea kilomita mraba 6 na nusu hivi. Mwaka 2003 haikufika hata kilomita mraba 1. Wakristo wa Beni wanaouona mlima huo hawakuwa na magari mengi. Moshi mwingi unaoipasha dunia joto ulitoka katika nchi tajiri. Basi tusimdanganye mtu kwamba kinga za Kimemi zitairudisha theluji. Wala tusilisifu jasho la msukumaji kuwa jema kwa hewa, huku tukimpunja ujira wake. Yeye hakuchagua, alikosa.

Ni sisi wenye uwezo wa kuchagua tunaodaiwa. Kwanza, tumlipe msukumaji haki yake, na tumpishe barabarani, maana pikipiki zetu humsukumia mtaroni. Pili, tuendapo Misa karibu, twende kwa miguu au kwa kinga, na watoto wetu waone. Tatu, mkaratusi ukikatwa, tupande mwingine, na tuyatumie makaa kwa kiasi, kwa kuwa chukudu haina moshi lakini mzigo wake unao. Tukifanya hivyo, tutaweza kuwaambia wakubwa wa mataifa bila haya: nasi tumeanza, anzeni ninyi mliochoma zaidi.