Waraka, Jalada, Kumbukumbu: Washauri Waelekezi na Lugha ya Masjala za Serikali Tanzania, 1963–2002

Hifadhi ya nyaraka za Serikali ya Tanganyika ilianzishwa kwa waraka, yaani Waraka wa Rais Na. 7 wa mwaka 1963. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, sentensi hiyo ina utani ambao mwanasheria hauoni. Waraka ni barua, ni karatasi, na katika ofisi ni agizo linalosambazwa kwa wote na kufutwa pindi jingine linapotoka. Wingi wake, nyaraka, ndio uliokuja kubeba kinyume chake: karatasi ambazo hazifutwi kamwe. Nani aliyezigawa maana hizi mbili? Historia ya utunzaji wa nyaraka nchini imeandikwa zaidi kama historia ya sheria na majengo. Iko pia historia ya istilahi, na ndani yake mshauri mwelekezi ana nafasi kubwa kuliko anayopewa kwa kawaida.

Wa kwanza kati ya washauri hao alikuwa Jeffery Ede, mtunza nyaraka kutoka Uingereza, aliyetumwa na UNESCO mwaka 1963–1964. Kazi ya mtaalamu wa aina yake haikuwa kuandika historia bali kuamua mpaka: karatasi ipi ibaki ofisini, ipi ihamishwe, ipi ichomwe, na ile inayobaki iwekwe chini ya jina gani. Sheria ya Nyaraka za Taifa, Na. 33 ya mwaka 1965, iliupa mpaka huo nguvu ya dola.

Baada yake walikuja Wajerumani kushughulikia mafaili ya wakoloni wenzao wa zamani, ambayo baadhi yalifukiwa ardhini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kufukuliwa baadaye. Eckhart G. Franz na Peter Geissler waliyapanga na kuyaorodhesha, na orodha yao ikachapishwa Marburg mwaka 1973. Walifuata kanuni kuu ya taaluma yao: majalada yabaki katika mpangilio wa ofisi iliyoyazalisha. Kanuni hiyo ina gharama kwa mtafiti wa Kiswahili. Utawala wa Kijerumani uliendeshwa kupitia maliwali, maakida na majumbe, na sehemu ya mawasiliano yao ilikuwa kwa Kiswahili, hapo mwanzo kwa hati ya Kiarabu. Barua za aina hiyo zilikwisha kumvutia C. G. Büttner, aliyechapisha mkusanyo wake mwaka 1892. Lakini barua ya akida iliyotiwa katika jalada la kodi huorodheshwa kama kodi, kwa Kijerumani, na lugha yake haitajwi popote. Hata hivyo ni vigumu kuwalaumu wapangaji. Wangezichomoa barua za Kiswahili na kuzikusanya mahali pamoja, msomaji wa leo angezipata kwa urahisi, ila asingejua zilimjibu nani.

Wakati wataalamu hao wakiandika orodha zao kwa Kiingereza na Kijerumani, makarani walikuwa tayari na msamiati wao. Karatasi ziliwekwa katika jalada, neno linalotokana na ngozi ya kufungia kitabu, na majalada yalikaa masjala, ya wazi au ya siri, neno la mzizi uleule wa sijilli za makadhi. Ofisa aliyetaka kumweleza mkubwa wake jambo aliandika dokezo. Lisipokuwa na jalada lake liliitwa dokezo sabili. Mwezi Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipotangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, msamiati wa namna hii ndio ulioifanya amri itekelezeke. Ni msamiati wa watu wa kazi, na hauna neno moja linalotenganisha karatasi inayotumika na karatasi iliyokwisha kazi yake. Jalada ni jalada, liwe mezani au limejaa vumbi.

Utengano huo uliletwa kwa nguvu zaidi na maboresho ya utumishi wa umma ya mwishoni mwa miaka ya 1990, washauri waelekezi walipoelekezwa kwenye masjala zenyewe. Hoja yao ilikuwa ya msingi: nyaraka za kudumu haziwezi kuwa nzuri ikiwa jalada linapotea lingali changa. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 ikaunganisha pande zote mbili, na idara husika ikaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Karani wa masjala akawa msaidizi wa kumbukumbu. Majalada yasiyotumika mara kwa mara yakaitwa kumbukumbu tuli.

Hapa ndipo penye utata. Kwa mujibu wa mgawanyo huo, kumbukumbu ni karatasi zote za kazi, ambazo nyingi zitateketezwa muda wake ukifika, na nyaraka ni zile chache zitakazodumu. Kiswahili cha kila siku kinasema kinyume kabisa. Nyaraka ni karatasi yoyote: risiti, fomu, nakala ya hati ya kiwanja. Kumbukumbu ni kile kisichopaswa kusahauliwa, ndiyo maana kuna sanamu za kumbukumbu na siku za kumbukumbu. Mtumishi anayeagizwa kuteketeza kumbukumbu na kuhamisha nyaraka anapokea agizo ambalo masikio yake yanaweza kuligeuza. Neno hifadhi lilikuwapo, na kavazi pia, ambalo halina maana nyingine ya kushindana nayo na ambalo baadaye lilichaguliwa kwa Kavazi la Mwalimu Nyerere. Istilahi za idara ziliafiki muundo wa dhana za mshauri, mbili kwa mbili, bila kupima uzito ambao kila neno lilikuwa nao tayari.

Si kwamba kumbukumbu lilikuwa neno geni ofisini. Lilikwisha kuwa na kazi mbili: kumbukumbu za kikao, zinazoandikwa na katibu na kuthibitishwa katika kikao kinachofuata, na kifupisho kilichopo juu ya kila barua ya Serikali, Kumb. Na., kinachoonyesha jalada ambamo nakala ya barua hiyo imewekwa. Matumizi haya ya pili ndiyo yaliyo karibu zaidi na alichokitaka mshauri, kwa kuwa yanaifunga karatasi na jalada lake tangu siku ya kuandikwa. Yalikuwa yakipigwa taipu na makarani kabla ya sheria ya 2002 kutungwa.