Boti ya Mtumba, Mzee wa Miaka 66 na Watu 130

Wasee, leo tuongee historia, na si ile ya kukariri tarehe ndio upite mtihani. Leo ni historia ya boti ya mtumba.

Mtumba tunaujua. Nguo, viatu, gari la kutoka Japani lenye kilomita ambazo hata muuzaji haziamini. Na ile aibu yake ndogo tunaijua pia: mtu akikuuliza "ni mpya?" unababaika kidogo. Halafu kuna aibu ya kukarabati. Ukionekana kila Jumamosi umelala chini ya gari, mikono imejaa grisi, majirani wanakuhurumia. Wanasema hiyo gari imekuwa mke wa pili. Maoni yangu ni kwamba tunamhurumia mtu asiyestahili kuhurumiwa, na ushahidi wangu uko Uingereza, mwaka wa 1940.

Jamaa mwenyewe anaitwa Charles Lightoller. Alizaliwa Chorley mwaka wa 1874 na akaanza kazi ya baharini akiwa na miaka 13. Kama umetazama filamu ya Titanic basi umempita mahali, kwa sababu ndiye aliyekuwa afisa wa pili wa meli hiyo ilipozama Aprili 1912. Alijikuta majini, akapanda juu ya mashua iliyopinduka pamoja na wanaume karibu 30. Walisimama juu ya tumbo la ile mashua gizani, baharini kukiwa na baridi ya kuua, na yeye akawa anawaamuru: egemeeni kushoto, egemeeni kulia, simameni wima. Mawimbi yakija huku, uzito unaenda kule. Ndivyo walivyofika asubuhi. Shika hiyo picha, tutairudia.

Kati ya maafisa wa Titanic waliopona, yeye ndiye aliyekuwa na cheo cha juu zaidi. Ungedhani kampuni ingempa meli yake mwenyewe. Wapi! Vita vya kwanza vya dunia vilimpa uongozi wa meli za kijeshi, lakini aliporudi kwenye meli za abiria alikuta hakuna anayetaka kukumbushwa Titanic. Akaacha kazi. Akafuga kuku, na pamoja na mkewe Sylvia akapangisha vyumba kwa wageni. Nahodha bila meli, yaani.

Sasa fika 1929. Lightoller ana miaka 55, na anapata chombo cha zamani kimelala kwenye tope la Conyer, huko Kent. Kilikuwa motaboti ya mvuke ya jeshi la majini, imeundwa 1912. Ndio, mwaka uleule wa Titanic. Jeshi lilikuwa halina haja nayo tena. Kwa hivyo alichonunua hakikuwa boti ya starehe. Alinunua bodi, kama vile mtu anunue matatu iliyokufa injini kwa sababu ameona chasisi bado ni ngumu.

Na hapa ndipo kuna kazi. Mvuke ulitolewa. Injini ya mvuke inataka tangi la kuchemshia maji, inataka nafasi ya kuni au makaa au mafuta, na inataka muda wa kupasha kabla hujaenda popote. Ukiing'oa, ghafla una nafasi ya watu kulala. Upande wa tezi ulirefushwa, urefu ukatoka futi 52 hadi futi 58. Vyumba vikawekwa, milingoti ikasimamishwa, na injini ya Parsons ya nguvu za farasi 60 ikaingia. Tarehe 28 Juni 1930 boti ikateremshwa majini ikiwa kitu kipya kabisa: nyumba ndogo ya familia inayoelea.

Jina lilitoka kwa Sylvia, aliyekuwa wa Australia. Sundowner. Huku kwetu hilo neno tunalijua kama kinywaji cha jioni cha watalii kule Mara, lakini kwao Australia ni mzururaji anayefika shambani jua likitua, amechelewa kazi lakini amewahi chakula. Nadhani yule mama alikuwa na ucheshi.

Watu wengi wangesimulia hii hadithi kwa kuruka kutoka hapo moja kwa moja hadi vitani. Mimi nakataa kuruka, kwa sababu hiyo miaka kumi ya katikati ndiyo hadithi yenyewe.

Boti ya mbao haikusubiri. Gari likikufa Thika Road unashuka, unalaani kidogo, unapanda matatu. Boti ikikufa katikati ya maji, hakuna kushuka. Mbao zinavimba zikilowa na kusinyaa zikikauka, kwa hivyo nyufa kati ya mbao na mbao lazima zizibwe kwa kalafati tena na tena. Maji ya ngama lazima yatolewe. Chumvi inakula chuma. Mwenye boti ya namna hii anajifunza kusikia. Anajua mlio wa injini ikiwa na afya na mlio wake ikianza kuumwa. Anajua boti inajibu usukani baada ya muda gani, na inalala upande kiasi gani kabla ya kujiinua.

Mwaka wa 1936 Lightoller akafanya jambo lingine ambalo mwenye gari yeyote atalielewa: akabadilisha injini. Akaweka Gleniffer ya dizeli, nguvu za farasi 72. Mwendo ukafika maili 10 za baharini kwa saa, kama kilomita 18 hivi. Boda inakupita huku dereva wake akijibu simu. Lakini kumbuka neno dizeli, kwa sababu dizeli haishiki moto haraka kama petroli.

Familia ilizunguka na hiyo boti pwani za Ulaya kaskazini. Julai 1939, vita vikiwa vinanukia, jeshi la majini la Uingereza likamwomba afanye safari moja zaidi: apite pwani ya Ujerumani na mkewe kama wazee wawili wa likizo, huku wakichunguza pwani na kina cha maji. Hebu fikiria. Nani atashuku mzee na mama yake watoto kwenye boti ya zamani?

Vita vikaanza Septemba. Siku za kwanza kabisa, kijana wao mdogo Brian, aliyekuwa rubani, akauawa katika shambulio la Wilhelmshaven. Alikuwa amemweleza baba yake jinsi ndege inavyoshambulia kutoka angani na jinsi chombo kinavyoweza kuikwepa. Mazungumzo ya baba na mwana tu.

Mei 1940, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yamebanwa Dunkirk, migongo baharini. Ufuo wa huko ni wa maji mafupi, meli kubwa haziwezi kusogea. Operesheni ya kuwatoa ilianza tarehe 26 Mei na kuisha 4 Juni, na vyombo vidogo vya raia vikaitishwa. Tarehe 30 Mei, saa kumi na moja jioni, Lightoller akapigiwa simu. Serikali inaitaka Sundowner.

Akakubali, lakini kwa sharti: ataiendesha mwenyewe. Alikuwa na miaka 66. Boti ikapunguzwa vitu vyote visivyo vya lazima, na tarehe 1 Juni asubuhi ikatoka Ramsgate ikiwa na watu watatu: mzee, kijana wake mkubwa Roger, na skauti wa majini mwenye miaka 18.

Nataka tusimame kwenye hilo sharti. Ni rahisi kusema huo ni ujasiri, na kweli ni ujasiri. Lakini pia ni jambo la kawaida sana ambalo fundi yeyote anaweza kukuambia: usimpe mtu mwingine mashine uliyoiunda mwenyewe na umtume mahali pa hatari. Hataijua. Atajifunza siku ileile, na hiyo siku haina nafasi ya kujifunza.

Njiani walikuta boti nyingine, Westerly, inawaka moto. Walisogea wakawachukua waliokuwamo, kisha wakaondoka upesi kwa sababu ilikuwa na petroli nyingi. Sasa unaona kwa nini nilikuambia ukumbuke dizeli? Badiliko la mwaka wa 1936, ambalo pengine majirani waliliona kama mzee anachoma pesa, sasa lilikuwa kati yake na kifo. Ndege zikaja, na mzee akafanya alivyofundishwa na marehemu kijana wake: subiri mpaka rubani ajifunge kwenye mwelekeo wake, kisha kata usukani ghafla. Boti ikajibu.

Dunkirk wakajipanga kando ya manowari, wanajeshi wakaanza kushuka. Sundowner haikuwahi kubeba zaidi ya watu 21. Waliingia 75 chini, kila kona, mpaka bafuni na chooni. Kisha wakaanza kujazwa juu, wengine kama 50. Jumla ya waliokuwamo ilifika karibu 130.

Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lightoller hakuwa Mswahili, lakini alifanya hivyo hasa. Aliwalaza. Uzito chini, karibu na ngama, na hakuna kusimama. Alikuwa akiisikiliza boti yake, na ilipoanza kulegea, kuchelewa kujiinua, akajua imetosha. Yule aliyekuwa akiwapanga wanaume juu ya mashua iliyopinduka mwaka wa 1912 ndiye huyu anayewapanga askari mwaka wa 1940. Hesabu ni ileile, ya uzito na mawimbi. Warudi salama, huku mawimbi ya manowari zilizokuwa zikipita kwa kasi yakiwa tishio lingine juu ya mabomu.

Sasa, mtu asichukue hii hadithi kama ruhusa ya kujaza. Sisi tuna Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Watu wa Mombasa hawajasahau. Tofauti haikuwa bahati tu. Askari wa Dunkirk walikuwa wamelazwa chini ya amri ya mtu mmoja aliyeijua boti ubao kwa ubao, na hata hivyo ilikuwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Tena ilikuwa vitani, ambapo kubaki nyuma ni kutekwa au kufa. Kwenda kazini asubuhi si vita. Hakuna abiria anayepaswa kulipa nauli ya kubahatisha.

Kuna wengine watasema napamba. Sawa, tuweke hesabu mezani. Waliookolewa Dunkirk walikuwa 338,226. Kati yao 239,555 walitolewa bandarini na 98,671 ufuoni, na wengi wao walibebwa na manowari na meli kubwa. Boti ndogo nyingi pia ziliendeshwa na wanamaji wa jeshi, si wenyewe. Ile picha ya kila mzee na boti yake ni ya filamu zaidi. Mimi nakubali yote hayo. Lakini ndiyo maana Sundowner inanivutia. Haikushinda vita. Ilikuwa chombo kimoja, kilichotunzwa vizuri, kilichokuwa tayari siku kilipoitwa. Hiyo inatosha.

Na hapa ndipo nina ugomvi na jinsi tunavyosimulia historia. Tunapenda siku moja. Tunapenda shujaa kwenye usukani. Miaka kumi ya kalafati, grisi na kulipia vipuri hatuiweki kwenye filamu kwa sababu haina muziki. Matokeo yake tunafikiri mambo makubwa yanafanywa na watu wa ajabu, halafu vitu vyetu vinaoza tukisubiri watu wa ajabu waje.

Angalia MV Uhuru kule Kisumu. Meli ya miaka ya 1960. Ilikaa imeegeshwa miaka mingi, watu wakaizoea kama chuma chakavu, kisha ikakarabatiwa na ikarudi kubeba mizigo Ziwa Victoria. Chuma kilikuwa kilekile. Kilichokosekana ni mtu kuamua kwamba inafaa kutengenezwa. Na kule Matondoni, Lamu, kuna mafundi wanaojua mbao za jahazi kwa kugusa tu. Ni wangapi kati yetu tuliofundishwa shuleni kwamba hao nao ni historia?

Baada ya vita Lightoller hakutafuta umaarufu. Alifungua karakana ya boti huko Richmond, kando ya mto Thames, akawa anaunda boti za polisi wa mto. Akafa Desemba 1952. Yaani kazi ya mwisho ya afisa wa Titanic ilikuwa ufundi. Sundowner imemzidi umri mbali sana, na imehifadhiwa Ramsgate, palepale ilipowashusha wale watu.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo ukimwona jirani amelala chini ya gari lake kuukuu, usimhurumie. Mpelekee chai. Huyo ndiye mtu katika mtaa wote ambaye gari lake litawaka saa nane usiku mtoto wako akiugua.