Thamani ya Ushindi wa Ugenini: Hukumu ya Mashabiki wa Yanga baada ya Fainali ya Algiers, 2023

Katika maandishi mengi kuhusu soka, shabiki huchorwa kuwa mtu wa hisia tupu, anayeshangilia timu inaposhinda na kununa inapofungwa, na kelele zake huchukuliwa kuwa mwangwi wa matokeo yaliyokwisha kupatikana uwanjani. Makala hii inaupinga mtazamo huo. Inadai kwamba namna mashabiki wanavyoupokea ushindi wa ugenini uliopatikana kwa taabu, yaani ushindi katika uwanja wa mwenyeji na mbele ya umati wake, ni hukumu yenye vigezo, ambayo mara nyingine huafikiana na kanuni za mashindano na mara nyingine hukataa kuzifuata. Mfano unaochambuliwa ni wa klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Yanga, ambayo tarehe 3 Juni 2023 iliifunga USM Alger bao 1-0 mjini Algiers, katika mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na hata hivyo ikalikosa kombe.

Ugumu wa kushinda ugenini si hadithi ya vijiweni. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo waamuzi walionyeshwa matukio yaleyale ya mechi, baadhi yao wakisikia kelele za umati na wengine bila sauti yoyote, ikabainika kwamba waliosikia kelele waliihesabia timu mwenyeji madhambi machache zaidi. Kwa klabu ya Afrika Mashariki inayokwenda kaskazini mwa bara, shinikizo hilo huongezewa safari ndefu, mabadiliko ya hali ya hewa, moshi wa fataki jukwaani na, zaidi ya yote, uzito wa historia, kwa kuwa klabu za Misri, Tunisia, Moroko na Algeria ndizo zilizotwaa sehemu kubwa ya makombe ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Kutokana na hali hiyo mashabiki wa Tanzania walijijengea lugha mbili za kujikinga. Lugha ya kwanza ilikuwa ya ngome ya nyumbani, ambayo mashabiki wa Simba waliifupisha katika kaulimbiu ya “Kwa Mkapa hatoki mtu”, wakimaanisha kwamba hakuna mgeni atakayetoka salama katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Lugha ya pili ilikuwa ya faraja: timu iliyofungwa ugenini kwa tofauti ndogo, baada ya kupambana, ilisemwa kuwa “imekufa kiume”. Lugha zote mbili zilikubaliana katika jambo moja la msingi, kwamba heshima ya klabu hulindwa nyumbani na kwamba ugenini ni mahali pa kupunguza hasara.

Lipo pia jambo linalomhusu shabiki mwenyewe, nalo halijapewa uzito linaostahili. Nyumbani shabiki ni mshiriki: huimba, huzomea, humtia hofu mgeni, na timu ikishinda anayo haki ya kudai kwamba sauti yake ilichangia. Ugenini hana nafasi hiyo. Isipokuwa wachache wenye uwezo wa kusafiri, wengi huifuatilia mechi kwenye redio, kwenye runinga ya nyumbani au katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa mtaani ambamo watazamaji hulipa kiingilio kidogo na kubanana mbele ya skrini moja. Mtu wa kibanda umiza hawezi kuusaidia mpira uingie wavuni wala kumzuia mwamuzi asipulize filimbi. Kilichobaki mikononi mwake ni kuangalia, kupima na kusema. Kwa sababu hiyo mechi ya ugenini humpa shabiki fursa ya kuitathmini timu yake bila kujitathmini mwenyewe, na furaha inayofuata ina chembe ya ushahidi ambayo furaha ya nyumbani haina.

Safari ya Yanga ya msimu wa 2022/2023 inafaa kuchunguzwa kwa kuwa ilikwenda kinyume na lugha zote mbili zilizotajwa. Klabu hiyo iliingia Kombe la Shirikisho baada ya kutolewa katika Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Omdurman, kisha ikatoka sare ya 0-0 na Club Africain jijini Dar es Salaam, matokeo ambayo kwa mazoea ya zamani yalitosha kuhesabiwa kuwa mwanzo wa kutolewa tena. Mnamo Novemba 2022 ikashinda 1-0 nchini Tunisia kwa bao la Stephane Aziz Ki. Katika hatua ya makundi iliifunga TP Mazembe 1-0 mjini Lubumbashi. Katika robo fainali ikaifunga Rivers United 2-0 mjini Uyo, Nigeria, kwa mabao mawili ya Fiston Mayele, kabla ya kutoka suluhu nyumbani. Na katika nusu fainali ikaifunga Marumo Gallants 2-0 Dar es Salaam na 2-1 mjini Rustenburg, Afrika Kusini. Mara mbili katika mtiririko huo, dhidi ya Club Africain na dhidi ya Rivers United, Yanga haikupata bao hata moja nyumbani, na ushindi wa ugenini ndio ulioivusha.

Fainali ikayageuza mambo. Tarehe 28 Mei 2023 USM Alger ilishinda 2-1 Dar es Salaam. Mayele alisawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, lakini Islam Merili akarudisha uongozi wa wageni karibu mara moja. Juma lililofuata, katika Uwanja wa 5 Julai 1962, Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema katika kipindi cha kwanza, kisha kipa Djigui Diarra akapangua penalti ya wenyeji, na vijana wa kocha Nasreddine Nabi wakaulinda ushindi hadi mwisho. Jumla ikawa 2-2. Kombe lilikwenda Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini, ambayo huipa ushindi timu iliyofunga mabao mengi zaidi katika uwanja wa mwenzake pindi jumla inapolingana, kanuni ambayo Shirikisho la Soka la Ulaya lilikuwa limeiondoa katika mashindano yake tangu 2021. Ni vigumu kupata mfano wenye uchungu zaidi: timu iliyofika fainali kwa kushinda ugenini, na iliyoshinda ugenini hata katika fainali yenyewe, ilinyimwa taji na kanuni iliyotungwa ili kuzitia moyo timu zishambulie ugenini.

Mashabiki waliipokeaje hali hiyo? Walijitokeza kuilaki timu kama inavyolakiwa timu iliyofanikiwa, na Rais Samia Suluhu Hassan aliwaandalia wachezaji na viongozi chakula cha jioni Ikulu. Katika mazungumzo ya mtaani yalisikika madai mawili kwa pamoja, kwamba kombe limekosekana na kwamba Algiers imeshindwa, na dai moja halikuachwa limeze jingine. Hapa nadharia mashuhuri ya saikolojia ya ushabiki inapungukiwa. Robert Cialdini na wenzake, katika utafiti waliouchapisha 1976 kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, walionyesha kwamba watu hujinasibisha zaidi na timu yao baada ya ushindi, kwa mavazi na kwa namna wanavyojihesabu kuwa sehemu yake, ili wapate kung’ara kwa nuru isiyo yao. Nadharia hiyo inamweleza vizuri anayemfuata mshindi. Haimwelezi vya kutosha shabiki anayevaa jezi ya timu yake kwa fahari siku ambayo mshindi rasmi ni mwingine, wala haielezi ni kwa kipimo gani shabiki huyo huamua kwamba ipo nuru ya kung’arishwa nayo.

Kipimo hicho huonekana wazi zaidi kikitazamwa katika kumbukumbu ndefu. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers jijini Dar es Salaam, kisha ikaenda Zambia na kushinda 5-0, na mpaka leo tukio hilo husimuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa lilipotokea. Mwaka 2003 Simba hiyohiyo ilikwenda Cairo ikiwa na ushindi wa 1-0, ikafungwa 1-0 na Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, na ikawavua ubingwa kwa mikwaju ya penalti. Mashabiki huuhesabu usiku ule kuwa ushindi wa ugenini, ingawa katika muda wa kawaida timu yao ilifungwa. Cairo ya 2003 na Algiers ya 2023 zinatazamana: upande mmoja timu ilifungwa ikasonga, upande wa pili ilishinda ikakosa kombe, na pande zote mbili mashabiki walifikia uamuzi uleule wa heshima. Kwa kulinganisha, Simba ya 1993 ilipata suluhu Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, ikarudi Dar es Salaam na kufungwa 2-0 na Stella, na suluhu ile ya ugenini haikuokoa chochote katika kumbukumbu. Kinachopimwa, basi, ni ukubwa wa kizuizi kilichovunjwa. Idadi ya mabao na hata taji huja baadaye.

Inaweza kudaiwa kwamba huko ni kujifariji tu, na kwamba “ushindi bila kombe” ni jina jipya la kufa kiume. Pingamizi hilo lina nguvu, na hakuna aliyelitoa kwa ukali kuliko mashabiki wa Simba, watani wa jadi wa Yanga, ambao walitaka waonyeshwe kombe lilipo. Lakini utani huo wenyewe ndio unaozuia hukumu isiwe ndoto. Kijiweni shabiki wa Yanga hawezi kudai heshima bila kuulizwa: mlifungwaje nyumbani, mbona mliruhusu mabao mawili, kwa nini hamkupata bao la pili Algiers? Hulazimika kujibu kwa hoja, na hoja yake hustahimili kwa kadiri inavyokubali lawama ya mchezo wa kwanza. Wengi waliikubali. Kufa kiume ni maelezo ya kushindwa; kushinda Tunisia, Lubumbashi, Uyo, Rustenburg na Algiers ni orodha ambayo mtani anaweza kuipunguzia uzito, ila hawezi kuifuta.

Upande wa dola unahitaji tahadhari zaidi kuliko upande wa watani. Msimu huo Rais aliahidi kununua kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, kwa kuanzia shilingi milioni 5, ahadi iliyoongeza hamasa na ambayo wachezaji waliistahili. Hata hivyo, malipo ya namna hiyo huhesabu mabao, ilhali mashabiki huyapima kwa mahali yalipofungwa na kwa gharama ya kuyapata, na sherehe za kitaifa zina desturi ya kuacha nyuma picha za viongozi na kupoteza maneno ya watu wa kibanda umiza. Hasara hiyo ni ya kitaaluma pia, kwa maana hukumu zilizoelezwa hapa huishi katika mazungumzo na hufa na wazungumzaji. Idara za historia na sosholojia katika vyuo vikuu vya Tanzania, kwa kushirikiana na klabu zenyewe, zinapaswa kuanza kurekodi masimulizi ya mashabiki, zikitanguliza wale walioishi matukio ya 1979, kwa kuwa aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka miaka 60.