Ukano Katika Upinde

Kila mwanafunzi aliyesimuliwa habari za Fumo Liongo anajua kwamba shujaa yule alikufa akiwa amepiga goti kisimani, uta wake mkononi, na watu wa mji wasithubutu kumkaribia kwa kudhani yu hai. Ni wachache wanaoweza kusema uta wa wazee wetu ulitengenezwa namna gani. Vitabu vya kigeni huuita upinde wetu “upinde sahili”, yaani mti na uzi basi, ukilinganishwa na pinde za Waturuki au za wenyeji wa asili wa Marekani, ambazo migongo yao ilifunikwa kwa kano za wanyama. Msomaji huachwa adhani kwamba wazee wetu hawakuijua thamani ya ukano. Waliijua sana.

Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaoelekea windo, hunyooshwa; tumbo lake, linalomwelekea mpigaji, hubanwa. Mti ukivunjika, mara nyingi ufa huanzia mgongoni, na mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kupinda fimbo kavu. Ukano huvumilia kunyooshwa kuliko mti. Kwa hiyo fundi hukausha kano, huziponda, huzichambua ziwe nyuzi nyembamba, huzichovya katika gundi, kisha huzilaza tabaka juu ya tabaka mgongoni mwa upinde. Zikikauka husinyaa na kuuvuta mti kinyume. Ndipo upinde mfupi huweza kuvutwa sana usivunjike.

Mfano mashuhuri ni wa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi wa California. Jamaa zake waliangamizwa na walowezi. Yeye alijitokeza mwaka 1911, akakaa katika jumba la makumbusho huko San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916. Daktari Saxton Pope alijifunza kwake, akaandika kwamba upinde wake ulikuwa wa mti wa jamii ya mtarakwa, wenye kano mgongoni. Ulizidi mita moja kwa kidogo tu, na kuuvuta kulihitaji nguvu ya kilo 20 hivi. Pope huyo huyo alifika Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa mishale.

Nchi aliyoifikia ilikuwa na mabingwa wake. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi hadi leo huchonga upinde wa mti mmoja, mara nyingi wa jamii ya mkole, mrefu karibu na kimo cha mtu au kumzidi. Huumenya, huupasha moto, huunyoosha na kuupaka mafuta. Mgongoni hawabandiki kitu. Ukano wao, wa wanyama wakubwa kama pundamilia na pofu, husokotwa uwe upote; na nyuzi nyingine hutafunwa hadi zilainike, zikafungie manyoya na vigumba katika mishale. Nguvu ya kuuvuta upinde huo ni kama kilo 30. Na Waata wa nyika ya Tsavo, nchini Kenya, waliowinda ndovu kwa mishale yenye sumu ya msunguti, walivuta pinde za mti mtupu zilizozidi kilo 45!

Iko wapi basi dhana ya upungufu? Kwa maoni yetu, fundi wa Eyasi alikuwa na mti mrefu unaopindika, na urefu wenyewe huupunguzia mti mateso. Gundi ya ngozi hulegea kwa unyevu, nasi tuna masika. Kano za mgongoni hutaka majuma mengi kukauka, na mwindaji wa kuhamahama hakai akingoja. Aliuweka ukano pale ambapo mti hauwezi kushika nafasi yake, na kazi ya kuua akaiachia sumu.

Hivi karibuni tuliliuliza darasa moja la kidato cha pili maana ya neno upote. Mkono mmoja tu uliinuka, wa kijana aliyetoka Mbulu. Hakutoa maana ya neno. Alitueleza namna babu yake anavyoutandaza ukano juani, na kwa nini mbwa hufungwa siku hiyo.