Mlima Kenya na hali yake ya hewa: ayajue haya mtu wa Pwani kabla ya kupanda

Kila likizo ikikaribia nawaona vijana wetu wakichangishana nauli kwenda kupanda Mlima Kenya. Ni jambo zuri. Lakini wengi hukata tiketi kwanza, na koti hulikumbuka wakifika Nanyuki. Nimeona niyaweke hapa mambo ya msingi, kwani kule juu baridi na haraka huua.

Urefu na baridi

Vilele vikubwa ni Batian (mita 5,199), Nelion (5,188) na Lenana (4,985). Viwili vya mwanzo hupandwa kwa kamba. Wengi huishia Lenana. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Basi Mombasa ikiwa nyuzi 30, Lenana ni kama sufuri, na usiku hushuka zaidi. Upepo nao huzidisha.

Majira

Sisi tunaozijua pepo hatupati taabu hapa. Januari na Februari, Kaskazi ikivuma, mlima huwa mkavu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba ni nyakati za matope, theluji na mito kujaa. Julai hadi Septemba pia hufaa. Upande wa mashariki, njia ya Chogoria, hupata mvua nyingi kuliko wa Sirimon.

Hata katika kiangazi, siku ina ratiba yake. Asubuhi mbingu huwa nyeupe. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kuwa mawingu. Baada ya adhuhuri huja ukungu, mvua, mawe ya barafu au theluji. Ndiyo maana waongozaji huwaamsha watu saa nane au saa tisa usiku, wafike kileleni alfajiri na washuke mapema.

Hatari zenyewe

Kulowa. Nguo za pamba na jinzi zikilowa hazihifadhi joto. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka upesi, na juu yake jaketi lisilopitisha maji. Chukua kofia, glavu, na nguo kavu za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenzenu akitetemeka sana, akijikwaa na ulimi ukawa mzito, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto ikiwa anaweza kumeza. Kutetemeka kukikoma naye bado amepoa na hajielewi, hali imezidi kuwa mbaya.

Hewa nyepesi. Karibu na Lenana, kila pumzi huingiza oksijeni kama nusu ya ile ya Pwani. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni dalili za mwanzo: usipande zaidi mpaka zikuishe. Akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hali amekaa, ateremshwe hapo hapo, hata kama ni usiku. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kutoka Met Station (3,050) hadi kambi ya Mackinder (4,200) ni zaidi ya mara mbili ya hapo, basi ongeza usiku mmoja. Kawia ufike.

Radi na ukungu. Ukisikia ngurumo, ondoka kwenye kilele na mgongo wa mlima, na usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Ukungu ukiwafunika, shikamaneni, asitangulie mtu.

Jua. Kule juu huchoma kuliko ufukweni, na theluji hulirudisha usoni. Miwani myeusi si mapambo.

Kuhusu ibada

Alfajiri huenda ikakukuta njiani. Mwenye kuchelea madhara ya maji ya baridi, na asiwe na cha kuyapashia moto, sharia imemruhusu kutayamamu. Msafiri naye ana ruhusa ya kupunguza swala. Rukhsa hizi ni rehema, zitumieni.

La mwisho, kubalianeni tangu kambini ni saa ngapi mtageuka, mmefika au hamjafika. Nauli itachangwa tena, na mlima utakuwa pale pale. Mpanda ngazi hushuka. Muhimu ashuke kwa miguu yake.