Imber: Kijiji Kilichopewa Siku 47

Tarehe 1 Novemba 1943, wakazi wa Imber, kijiji cha wakulima katika jimbo la Wiltshire kusini mwa Uingereza, waliitwa kwenye mkutano katika chumba cha shule yao. Hapo walielezwa kwamba wana siku 47 za kufungasha na kuhama. Eneo lote lilihitajika kwa mazoezi ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kuivamia Ulaya iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kabla ya Krismasi kijiji kilikuwa kitupu, na hadi leo hakuna aliyeruhusiwa kurudi kuishi pale.

Kuna maelezo mawili ya kifo cha Imber. La kwanza husema kiliuawa na vita. La pili husema kilikuwa kinakufa chenyewe, na jeshi lilimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza. Wanaoshika maelezo ya pili hutegemea takwimu za idadi ya watu. Insha hii inakubali takwimu hizo, lakini inadai kwamba hazithibitishi jambo hilo. Kilichoamua hatima ya Imber ni swali la nani alimiliki ardhi.

Tuanze na takwimu zenyewe. Imber ni kijiji cha kale. Kimetajwa katika maandishi tangu karne ya 10, na katika orodha ya mali za nchi iliyoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086 kinakadiriwa kuwa na watu wapatao 50. Kufikia karne ya 14 walikuwa kama 250, na idadi hiyo haikubadilika sana kwa muda mrefu. Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu watu 440, ambayo ndiyo idadi kubwa kuliko zote. Baada ya hapo walianza kupungua, na sensa ya mwaka 1931 ilikuta watu 152.

Kupungua huko hakukuwa kwa Imber peke yake. Kuanzia miaka ya 1870 kilimo cha Uingereza kiliingia katika shida. Nafaka ya bei nafuu kutoka Amerika ilishusha bei, mashine zikachukua kazi za vibarua, na vijana wakavutwa na ajira za mijini. Imber kilikuwa na shida ya ziada: kilijificha katikati ya uwanda wa Salisbury, maili kadhaa kutoka mji wowote, na karibu kila mtu aliishi kwa kilimo, ufugaji wa kondoo au kazi zinazoambatana nazo.

Hata hivyo, kupungua si kufa. Mwaka 1931 Imber kilikuwa na watu 152, yaani mara tatu ya wale wanaokadiriwa kuwapo mwaka 1086. Kilikuwa na kanisa la Mtakatifu Giles, kanisa dogo la Wabaptisti, baa iliyoitwa Bell Inn na karakana ya mhunzi. Mwaka 1938, miaka mitano tu kabla ya kuhamishwa, zilijengwa hapo nyumba mpya za halmashauri. Ni vigumu kuamini kwamba nyumba mpya hujengwa mahali panapoonekana kwamba pamekwisha.

Sasa tutazame ardhi. Wizara ya Vita ilianza kununua mashamba katika uwanda wa Salisbury mwishoni mwa karne ya 19. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1930 ilikuwa imenunua karibu kijiji kizima cha Imber, isipokuwa majengo machache kama kanisa na baa. Wakulima waliendelea kulima na familia zikabaki katika nyumba zilezile, lakini sasa walikuwa wapangaji wa jeshi. Kwa hiyo tangazo la mwaka 1943 halikuhitaji mjadala mrefu. Mwenye nyumba aliwataarifu wapangaji wake watoke, nao wakatoka. Wengi waliondoka wakiamini kwamba vita vikiisha watarudi.

Miongoni mwao alikuwa mhunzi Albert Nash. Inasimuliwa kwamba baada ya tangazo alikutwa akilia juu ya fuawe lake. Alifariki muda mfupi baada ya kuhama, akarudishwa Imber kuzikwa. Sensa haina safu ya kuandika jambo kama hilo.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini jeshi halikuondoka. Wanakijiji walishikilia kwamba waliahidiwa kurudi. Januari 1961 umati mkubwa, ukiongozwa na Austin Underwood, uliandamana hadi ndani ya kijiji kudai haki hiyo. Uchunguzi wa hadhara ulifanyika mwaka huohuo, na uamuzi ukawa kwamba jeshi libaki na eneo. Katika miaka ya 1970 zilijengwa hapo nyumba tupu za kufanyia mazoezi ya askari waliopelekwa Ireland ya Kaskazini. Nyumba nyingi za zamani zimebomoka. Kanisa bado limesimama na hufunguliwa kwa umma siku chache kwa mwaka, na ibada hufanyika kila mwaka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Giles.

Tukiziandika takwimu kwa mfululizo, 440, 152 na 0, zinaonekana kama mteremko mmoja. Kwa kweli ni matukio mawili tofauti. Kutoka 440 hadi 152 ilichukua miaka 80, na kila familia iliyohama ilikuwa na sababu zake. Kutoka watu waliobaki hadi sifuri ilichukua siku 47, na sababu ilikuwa moja kwa wote.

Kwa mwanafunzi wa historia, somo hapa ni la mbinu. Takwimu za watu hutuambia wangapi walikuwapo, lakini hazituambii kama waliondoka kwa hiari. Jibu hilo kwa Imber linapatikana katika hati za umiliki wa ardhi. Anayesoma sensa bila kusoma hati hizo anaweza, bila kukusudia, kuyafanya maamuzi ya watu yaonekane kama mambo yaliyojitokea yenyewe.