Simba na Yanga Zilivyopanda Treni Kwenda Kilosa

Mkoa wa Morogoro umeshatwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara mara tatu: Mseto mwaka 1975, kisha Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Mikoa mingi haijawahi hata kuunusa. Mtu angedhani kwamba mzee wa Kilosa akikaa kijiweni jioni, au kijana wa Mikumi akisubiri abiria juu ya bodaboda yake, atatambia Mseto au Mtibwa. Thubutu. Watabishania Simba na Yanga, klabu ambazo makao yao yako Msimbazi na Jangwani, Dar es Salaam, karibu kilomita mia tatu kutoka hapo walipoketi. Na watabisha kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa urithi.

Chanzo cha mambo haya ni reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, na miaka miwili baadaye ikaingia Kilosa, ikalifuata bonde la Mto Mkondoa walimokuwa wakipita wapagazi wa misafara tangu karne ya 19. Henry Stanley naye alipita bonde hilo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Reli ilipofika, ardhi ya Kimamba, Rudewa na Kilosa ikageuka mashamba ya mkonge, na mkonge ukaita vibarua kutoka kila pembe. Wenyeji, yaani Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wakajikuta wanaishi na watu wa Tabora, wa Kigoma na wa kusini. Karibu na miaka ya uhuru ikajengwa njia nyingine ya reli kutoka Kilosa kwenda Mikumi, ikasogezwa hadi Kidatu kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero.

Mji wa namna hiyo una mambo mawili yanayolea mpira: watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, na watu waliotoka kwao wanaotafuta pa kujishikiza.

Huko Dar es Salaam pa kujishikiza palikuwa tayari. Mwaka 1935 vijana wa Kiafrika waliunda Young Africans. Mwaka uliofuata kundi lililojitenga nao likaunda Queens, ambayo iliitwa Eagles, ikaja kuitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Yanga ilijenga jina la klabu ya wananchi, na harakati za TANU ziliwakuta viongozi na wanachama wake wengi wakiwa mstari wa mbele. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland wakawa mabingwa wa kwanza, wakarudia mwaka 1966. Yanga wakajibu kwa ubingwa wa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Kwa hiyo kizazi kilichokua Kilosa katika miaka hiyo kiliona klabu hizo mbili zikikalia kiti karibu kila mwaka, na ni hao walioziachia familia zao rangi za kushabikia.

Habari za mpira zilisafiri na treni. Mfanyakazi wa reli aliyelala Dar es Salaam usiku wa mechi alikuwa na cha kusimulia alipoteremka Kilosa, na gazeti la Uhuru lililofika kwa behewa lilisomwa na watu wengi kuliko walionunua. Lakini iliyomaliza kazi ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa moja kwa nchi nzima, na jioni ya mechi kubwa sauti ya Ahmed Jongo, na baadaye ya Charles Hilary, iliingia kwenye kambi za mkonge na nyumba za reli kwa wakati mmoja na ilivyoingia Kariakoo. Betri zilikuwa ghali na mara nyingine hazipatikani, kwa hiyo asubuhi ya mechi zilitolewa redioni zikaanikwa juani juu ya bati, zipate nguvu ya dakika tisini. Anayezikumbuka betri hizo hana haja ya kuelezwa kwa nini bao la dakika ya 88 liliuma zaidi zamani: redio ilikuwa imeanza kunong'ona, na wasikilizaji kumi wameikumbatia kama mgonjwa.

Hivyo ndivyo Kilosa ilivyosikia mechi ya Simba na Yanga ya Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akaisawazishia Yanga, na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Hivyo pia ndivyo ilivyosikia tarehe 19 Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga mabao matatu peke yake. Kabla ya hapo kipigo kikubwa kilikuwa kimetolewa na Yanga, 5-0, mwaka 1968. Wengi wa wanaotaja tarehe hizo leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wanazitaja bila kukosea, pengine kuliko tarehe za ndoa zao.

Ni haki kuuliza timu za nyumbani zilikuwa wapi wakati huo. Zilikuwapo, na zilikuwa nzuri. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashirika ya umma yakawa ndiyo walezi wa michezo: kijana mwenye mguu mzuri aliajiriwa kiwandani au karakanani, akapewa kazi isiyomchosha, jioni akaingia mazoezini. Morogoro mjini kulikuwa na Reli, iliyojulikana kama Kiboko ya Vigogo kwa tabia yake ya kuwaharibia wakubwa, na kulikuwa na Tumbaku. Mseto ilitwaa ubingwa katikati ya enzi ambayo Simba na Yanga zilidhani kombe ni mali yao. Mji huohuo ulikuwa na bendi mbili, Morogoro Jazz na Cuban Marimba, zilizogawa wacheza dansi kama mpira ulivyogawa mashabiki. Kwa miaka michache Morogoro haikuwa na sababu ya kujiona duni mbele ya Dar es Salaam.

Tatizo la timu ya mwajiri ni kwamba inaishi umri wa mwajiri. Miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Ikaja kamba ya plastiki, bei ikaanguka, na mashamba ya Kilosa yakaota vichaka. Shirika la reli likadhoofika, viwanda vikabinafsishwa katika miaka ya 1990, na mwenye kiwanda mpya hakuona kwa nini alipe mshahara wa winga. Tumbaku ikafifia, Reli ikashuka. Mtibwa ilidumu kwa sababu mlezi wake, kiwanda cha sukari cha Turiani, alidumu.

Kuna jambo jingine lililozimaliza timu za mkoa, nalo lilifanywa na haohao wanaoshangiliwa. Morogoro ilifuga, Dar es Salaam ikachinja. Zamoyoni Mogella aliondoka Tumbaku akaenda Simba, akawa mmoja wa washambuliaji wakubwa waliowahi kuvaa nyekundu. Mwaka 2016 Simba ilifika Mtibwa ikawabeba kwa mpigo Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Oktoba 1 mwaka huo Kichuya alipiga kona iliyoingia moja kwa moja wavuni mwa Yanga, mechi ikaisha 1-1. Wenye nyekundu wa Mkoa wa Morogoro walishangilia mara mbili, mara ya pili kwa sababu mtoto ni wa nyumbani. Hakuna aliyesikika akiuliza Mtibwa ilibaki na nani.

Kwa shabiki wa Kilosa kiwango cha timu ni hoja ya kubishania tu, hakina uwezo wa kumhamisha. Timu ikicheza vibaya, kocha hafai, usajili ulikuwa wa hovyo, mwamuzi aliwabeba wenzetu. Ikicheza vizuri, tulisema tangu zamani. Novemba 5, 2023 Simba na Yanga zilikwenda mapumziko zikiwa 1-1; dakika tisini zilipokwisha Yanga ilikuwa imeshinda 5-1, na siku mbili baadaye kocha wa Simba, Mbrazili Robertinho, hakuwa na kazi. Mashabiki wa Yanga walichoka kuinua mkono wenye vidole vitano. Wenzao wakajibu kwa Mei 6, 2012, Simba 5-0 Yanga, kana kwamba deni la miaka kumi na moja lilikuwa bado bichi. Hakuna aliyehama. Mume wa nyekundu na mke wa kijani waliendelea kulala nyumba moja, mmoja akiwa na usingizi mzuri zaidi.

Waandishi wa michezo huziita Simba na Yanga watani wa jadi, na kwingine pengine ni maneno ya kunogesha habari. Kilosa utani ni desturi yenye kanuni. Makabila ya mkoa huu yana watani wao, uhusiano ambao mara nyingi unasimuliwa kuwa umetokana na vita vya zamani na safari za misafara ileile iliyopita Mkondoa. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kuchukua kuku wako ukiangalia, kukutukana mbele ya wakwe, kuja msibani akamwigiza marehemu anavyotembea na kuwazuia wachimba kaburi mpaka alipwe. Ukikasirika, aibu ni yako. Naye siku akifiwa utalipiza, na atatabasamu kwa lazima.

Tazama sasa shabiki anavyofanya. Anampelekea mwenzake rambirambi asubuhi ya Jumatatu. Anafunga kitambaa cheusi. Vijana hutengeneza jeneza la maboksi lenye rangi ya aliyefungwa, wakalizungusha mtaani kwa vilio vya uongo, na mwenye msiba anatakiwa achangie. Haya hayakufundishwa na klabu. Watu walikuwa na adabu ya kutukanana bila kuumizana kabla mpira haujafika, ukafika wakauvalisha nguo iliyokuwa tayari kabatini. Na wilaya hii inajua ugomvi usio na adabu hiyo unavyokuwa: Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 30.

Mikumi ina historia yake kidogo tofauti. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1964, barabara kuu ya kwenda Zambia ikawekwa lami, na mji ukakua kandokando yake kwa kuuza chakula na vitanda kwa wapita njia. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo hulala hapo, na siku ya mechi baadhi yao huonekana kwenye kibanda umiza wakiulizwa wako upande gani kabla hawajakaa. Kibanda chenyewe ni mabati, turubai, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, runinga iliyofungiwa ndani ya wavu na king'amuzi cha Azam chini yake. Ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki mechi ya saa 11 na kiingilio. Ndani hakuna tiketi yenye namba, lakini kila mtu anajua ukuta wa kushoto ni wa nani. Bao likiingia, nusu ya chumba inasimama na nusu nyingine inaangalia simu.

Vyuo navyo vimeingizwa katika mgawanyo huohuo. Ilonga kuna chuo cha ualimu, Mikumi kuna VETA, na kwenye vyuo vingi nchini bonanza la mwisho wa muhula halipangwi mwaka wa kwanza dhidi ya mwaka wa pili. Linapangwa mashabiki wa Simba dhidi ya mashabiki wa Yanga, wakufunzi wakiwamo. Mkufunzi wa hesabu aliyekosa penalti hatasahaulishwa mpaka astaafu.

Usafiri umebadilika tena. Mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliisomba reli ya zamani Kilosa, na kwa miezi treni ya abiria ya Dar es Salaam ikawa haipo. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ikipita Kilosa kwa mahandaki na kituo kipya. Shabiki aliyeishi kwa redio na runinga sasa anaweza kupanda treni na kwenda kukaa mwenyewe Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, kusudi akaone kwa macho yake kile ambacho babu yake alikianikia betri.

Mtibwa ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24, na msimu uliofuata ikapambana ikarudi Ligi Kuu. Mechi zake na wakubwa mara kadhaa zimechezwa Uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Ikija Simba, jukwaa linakuwa jekundu; ikija Yanga, linakuwa la kijani na njano. Wanaokaa hapo wametoka Mzumbe, Kilosa, Mikumi na Ifakara, na bingwa mara mbili kutoka mkoa wao anapopata kona, uwanja unazomea.